Gari la Mashindano na Hewa ya Chumvi

Mwaka 1971 gari aina ya Datsun 240Z, likiendeshwa na Edgar Herrmann, lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1973 gari la aina hiyo hiyo lilishinda tena, safari hii mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mashindano ya Safari ya magari ya zamani yalipoanzishwa mwaka 2003, magari kama hayo yalipata kazi upya, na wapenzi wa mbio wasio wa kulipwa wangali wanayatafuta.

Mpenzi wa namna hiyo aishiye Mtwara, akionyeshwa gari linalouzwa, kwa kawaida hufungua boneti kwanza na kusikiliza injini. Hapo huanza vibaya. Injini iliyochoka hushushwa ikatengenezwa, au ikawekwa nyingine. Bodi haibadilishwi kwa urahisi huo. Lori lina chesisi nzito ambayo bodi hufungwa juu yake kwa bolti. Datsun 240Z haina chesisi ya namna hiyo. Mabati yake membamba, yaliyokunjwa na kuchomelewa pamoja, ndiyo yanayobeba uzito wote na kupokea mapigo ya springi. Kizingiti cha mlango kikiliwa na kutu, kilichopungua si uzuri wa gari bali nguvu inayomlinda dereva.

Wengi hudhani kwamba gari lililofungiwa bandani, lisiloguswa na mvua, limesalimika. La hasha! Mawimbi yanapovunjika ufukoni, kama vile huko Msimbati karibu na mlango wa Mto Ruvuma, mapovu hupasuka na kurusha hewani matone madogo mno, ambayo upepo huyasukuma hadi nchi kavu. Tone likikauka huacha chembe ya chumvi. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa hata ikayeyuka, pindi unyevu huo ufikapo asilimia 75 hivi. Chumvi ya magnesi, ambayo pia imo katika maji ya bahari, huyeyuka hata kwenye asilimia 33 hivi. Basi usiku wa Mikindani huweza kulilowesha gari lililo ndani ya banda.

Maji hayo ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Mahali pamoja katika bati, atomi za chuma huacha elektroni na kuingia majini zikiwa ioni. Elektroni hupita ndani ya bati hadi mahali pengine, ambapo oksijeni na maji huzipokea, zikatokea ioni za hidroksidi. Ioni hizo zikikutana na zile za chuma, na oksijeni ikiongezeka, hutokea kutu. Jambo la kushangaza ni kwamba chuma huliwa zaidi pale oksijeni ilipo haba: chini ya matope yaliyoganda, ndani ya maungio, nyuma ya zulia. Ndiyo sababu bodi inayong'aa huweza kuwa imeoza kwa ndani.

Kwa hiyo mnunuzi na achukue sumaku iliyofungwa kitambaa laini. Itashika bati lenye rangi, lakini italegea palipojazwa puti nene. Kisha ainue mazulia, akwangue matope juu ya magurudumu, agonge sakafu kwa mpini wa bisibisi. Gari likiinuliwa kwa jeki na milango ikaanza kugoma kufunga, bodi imelegea. Bei iwe ndogo namna gani, heri aliache.

Shuleni jambo hili huonekana kwa misumari minne isiyopakwa zinki. Wa kwanza utiwe katika maji yaliyochemshwa, yakapoa na kufunikwa kwa mafuta. Wa pili katika maji ya mvua. Wa tatu katika maji ya bahari. Wa nne utiwe pia katika maji ya bahari, lakini uzungushiwe ukanda wa zinki iliyosafishwa vizuri, iliyotoka katika betri kuukuu ya tochi. Baada ya siku chache wanafunzi wautazame huo wa nne, kisha waitazame zinki yake.