Motoka ya moteri mbili: esanse inapunguka, lakini angalieni vumbi

Ukiiwasha asubuhi, unafikiri batri imekufa: hakuna sauti. Unakanyaga, inaondoka polepole kama mwizi. Ndiyo Toyota Prius, motoka ya moteri mbili: moja ya esanse, ingine ya umeme. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997.

Juu ya nini inakunywa kidogo? Kila ukifunga breki, ile nguvu ingepotea bure. Hapa inageuka umeme, inaingia katika batri. Kwa hiyo katikati ya Kolwezi, nyuma ya makamio, simama-enda, simama-enda, ndipo faida iko. Kwa kipimo cha kiwanda, Prius ya 2004 inakunywa litri 4,3 kwa kilometa 100. Lakini ku barabara ya Likasi, ukishika mwendo mmoja, moteri ya esanse ndiyo inafanya karibu kazi yote, na faida inapunguka.

Sasa, baba na mama, mbele ya kutosha mshahara wa miezi mingi kwa motoka ya okazio, fungueni mlango wa nyuma. Kando ya kiti iko tundu: batri inavuta hewa pale. Vumbi yetu ikiziba ile tundu, batri inapata moto na kufa mbele ya wakati. Kununua ingine kunaweza kula faida yote.

Kwa hiyo fundi apime batri kwanza. Kisha mukisha kununua, safisheni ile tundu mara kwa mara, zaidi wakati wa kiangazi. Feza munaokoa ku esanse isiende yote ku garaji.