Bando la Mkokotoni na sheria ya Muungano

Mzee wa Mkokotoni, Zanzibar, akitupigia simu kulalamika kwamba bando limekwisha kabla hajalitumia, sisi tulio nje tunakimbilia kumtumia jengine. Tunalipa kosa la mtu mwengine. Haki yake imeandikwa, na ina historia yake.

Tangu 1964 mawasiliano ya posta na simu ni jambo la Muungano. Biashara ya ndani siyo. Kwa hiyo aliyeuziwa mchele mbovu Darajani anashitaki kwenye taasisi za Zanzibar, lakini aliyekatwa salio bila ridhaa, awe Mkokotoni au Mwanza, msimamizi wake ni mmoja: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2003 na yenye ofisi Zanzibar. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ikazaa kanuni za kumlinda mtumiaji, zikatolewa upya 2018.

Bando lilipata masharti yake 2021, baada ya vilio vya miaka. TCRA iliagiza mteja ajulishwe anapofikia asilimia 75 ya bando na linapomalizika, asihamishiwe bei ya kawaida bila kukubali, na aweze kumgawia mwengine. Masharti yalianza tarehe 2 Aprili, na siku hiyo kampuni zikaja na bei mpya zilizopanda. Watu walipaza sauti nchi nzima, na bei hizo zikasimamishwa siku hiyohiyo. Mteja anayesema husikilizwa.

Basi mfundisheni mzee hatua hizi. Alalamike kwanza kwa kampuni yenyewe, aombe namba ya kumbukumbu, wala asifute ujumbe wowote. Asiporidhika, alipeleke shauri TCRA. Apige *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Asiyoijua aitolee taarifa. Ujumbe wa matapeli autume 15040. Kampuni ikiendelea kumdharau, tangu Machi 2017 anaruhusiwa kuhamia nyengine na namba yake ileile.

Kumtumia mzee vocha ni wema, na tusiache. Lakini wiki hii, kabla ya kutuma, kaa naye kwenye simu mpaka malalamiko yake yafike kunakohusika. Shilingi iliyoliwa Mkokotoni ina haki sawa na iliyoliwa Dar es Salaam.