Maria wa Lappland

Mwenye mume mlevi anajua kusikiliza usiku. Akisikia tu jinsi mlango unavyosukumwa, amekwisha kujua fedha ya unga imekwendea wapi. Mwezi huu tunawapeleka mbali, kwenye kanisa ambalo uchungu huo umechongwa mbele kabisa, penye madhabahu.

Kanisa hilo liko Jukkasjärvi, kijiji cha kaskazini mwa Uswidi kando ya mto Torne. Huko katikati ya kipupwe jua halichomozi kwa majuma kadhaa. Ni kanisa dogo la Kilutheri, la mbao, lenye rangi nyekundu. Lilianza kujengwa mwaka 1607, na katika Lappland yote ya Uswidi hakuna kanisa lililobaki lililo kongwe kuliko hilo.

Michoro ya madhabahuni ni ya mwaka 1958, kazi ya mchongaji Bror Hjorth. Katikati yupo Kristo. Pembeni mchungaji anahubiri, mtu mmoja anavunja pipa la pombe, na mwingine anatubu wizi wa reinidia, wanyama ambao Wasami huwafuga kama sisi tunavyofuga ng'ombe. Na yupo mwanamke wa Kisami.

Mchungaji huyo ni Lars Levi Laestadius, aliyeanza kazi usharika wa Karesuando mwaka 1826. Alikuwa msomi, bingwa wa mimea, na baba yake mwenyewe alikuwa mlevi. Wafanyabiashara waliwauzia Wasami pombe kali, na nyumba zikafilisika. Alihubiri miaka mingi. Watu walisikia, wakaenda kunywa.

Mwaka 1844, akikagua sharika za kusini, alikutana na Milla Clementsdotter huko Åsele. Huyu ndiye aliyemwita Maria. Hakuwa na cheo chochote kanisani. Alimsimulia mchungaji jinsi alivyohangaika rohoni hata akapata amani, na mchungaji, msomi yule, akanyamaza akasikiliza. (Ni wangapi wangefanya hivyo?) Aliporudi kwake mahubiri yake yaligeuka. Uamsho ukawaka, watu wakaacha pombe, walioiba reinidia wakawarudisha kwa wenyewe.

Milla alifariki mwaka 1892. Pale Jukkasjärvi, wanaokwenda kupokea Chakula cha Bwana humkuta mbele yao, pamoja na yule mtu na pipa lake.