Karavani kuukuu: Nafuu kwa mfuko, hatari kwa mtoto isipokaguliwa

Tangazo linatokea kwenye simu usiku, watoto wakiwa wamelala. Ni karavani ndogo ya miaka ya 1960, imepauka, imeegeshwa nyuma ya ghala la shamba huko Ohio, Marekani. Muuzaji anasema inahitaji marekebisho madogo tu. Bei haifiki dola 1,000.

Kwa mzazi anayeishi huko, awe mzaliwa au aliyehamia kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, kishawishi ni kikubwa. Trela hilo lenye vitanda, meza na jiko huvutwa na gari, na familia inaweza kulala kando ya ziwa bila kulipia hoteli. Anayejua kushika nyundo hujiona ameokota dodo chini ya mwarobaini.

Lakini Waswahili husema rahisi ghali. Katika karavani ya zamani, gharama kubwa hujificha kwenye mbao, rangi na gesi, na anayeumia kwanza huwa mtoto.

Anza na maji

Karavani nyingi za miaka ya 1950 na 1960 ziliundwa kwa fremu ya mbao iliyofunikwa kwa bati la alumini. Maji hupenya kwenye maungio ya paa na pembeni mwa madirisha. Mbao huoza taratibu ndani, huku bati la nje likiendelea kupendeza.

Hivyo mnunuzi asiishie kutazama. Akanyage sakafu kila kona, hasa chini ya vitanda. Abonyeze ukuta chini ya madirisha kwa kidole gumba. Ukibonyea, mbao imeoza. Anuse pia. Harufu ya uvundo ni dalili ya fangasi, ambao wanaweza kumwamshia pumu mtoto mwenye tatizo hilo. Kupaka rangi juu yake hakusaidii. Uvujaji uzibwe na mbao zilizooza zitolewe.

Vumbi la rangi

Marekani ilipiga marufuku rangi za majumbani zenye madini ya risasi mwaka 1978. Rangi ya karavani iliyotengenezwa kabla ya hapo ichukuliwe kuwa na risasi hadi ipimwe.

Hatari huongezeka pale mzazi anaposhika msasa. Vumbi hutua sakafuni, kwenye nguo na kwenye midoli, kisha mtoto hulipeleka mdomoni kwa vidole. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na mtoto anaweza kuathirika bila kuonyesha dalili yoyote.

Rangi hiyo isikwanguliwe ikiwa kavu wala kuchomwa kwa moto, ilowanishwe kwanza. Watoto na mama mjamzito wakae mbali. Anayefanya kazi avae barakoa maalumu ya vumbi, na abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Kama mtoto alishacheza kwenye vumbi hilo, daktari anaweza kumpima damu.

Vigae vya sakafu na vizuia joto karibu na jiko navyo vinaweza kuwa na asbesto. Visivunjwe kabla ya kupimwa maabara.

Si za zamani tu

Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, serikali ya Marekani iliwapa waathirika makazi ya muda kwenye matrela. Wengi walilalamika macho kuwasha na kubanwa kifua. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2008 vilionyesha kiwango kikubwa cha fomaldehaidi, kemikali inayotoka kwenye gundi ya mbao za kubandika. Baadaye matrela mengi yaliuzwa kwa mnada yakiwa na vibandiko vinavyokataza watu kuishi humo. Kibandiko hubanduka, hivyo anayeuziwa trela la miaka hiyo kwa bei ya kutupa aulize lilikotoka.

Jiko na usingizi

Afrika Mashariki, habari za familia iliyolala na jiko la mkaa ndani na kukutwa imefariki si ngeni. Karavani ni chumba kidogo zaidi. Jiko, friji au kipasha joto cha gesi chenye hitilafu kinaweza kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi.

Mfumo wa gesi ukaguliwe na fundi mwenye leseni kabla ya safari ya kwanza. Kifaa cha kutoa mlio wa tahadhari ya gesi hiyo kifungwe karibu na vitanda, na jiko la kupikia lisitumike kupasha joto chumba.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi alinganishe namba iliyo kwenye trela na ile ya hati ya umiliki. Achungulie kutu kwenye chasisi, na aangalie uzito ambao gari lake linaruhusiwa kuvuta. Matairi yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 huwa na tarakimu nne za wiki na mwaka: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi la umri huo libadilishwe hata kama kashata zake bado nzima.

Muuzaji akikataa vitanda visifunuliwe, ni bora kuondoka.

Watoto nao wana kazi yao, kuchagua mapazia. Waifanye mwishoni, vumbi likishafutwa kwa kitambaa kibichi na king'ora cha gesi kikishajaribiwa.