Ukame Haujui Mpaka

Wasomaji wetu wa Dallas, Embu, wenye mashamba kule Mbeere wanajua jambo hili vizuri. Mvua ikikosekana, ndengu hukauka, na mwenye ng'ombe hutafuta majani hata ndani ya shamba la mwenzake. Hapo ndipo ugomvi huanza.

Kwa sababu ya ukame, mwaka 1986 nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, ziliunda shirika moja. Tangu mwaka 1996 shirika hilo huitwa IGAD. Ofisi zake mbili zatuhusu sana. ICPAC, iliyo karibu na Nairobi, hutangaza utabiri wa mvua kabla ya kila msimu. CEWARN, iliyoanzishwa mwaka 2002, hukusanya habari za ugomvi wa malisho, maji na wizi wa mifugo mipakani, ili serikali zionywe kabla damu haijamwagika.

Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilipungua misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za Kenya, Ethiopia na Somalia. Maonyo yalitolewa mapema, lakini mamilioni ya mifugo walikufa. Onyo peke yake halijazi debe.

Basi yafaa tufanye haya. Sikilizeni utabiri, kisha mwulizeni Afisa wa Kilimo maana yake kwa sehemu yenu. Pandeni mbegu zinazokomaa upesi. Wekeni akiba ya chakula na majani makavu. Wazee wa wakulima na wa wafugaji wapatane juu ya njia za mifugo na mahali pa kunywesha kabla ya kiangazi. Mapatano ni rahisi visima vingali na maji.