Povu si Utelezi

Mteja akishatoa gari lake bandarini Dar es Salaam, mara nyingi huja nalo bandani kwetu Temeke likiwa linang'aa, anataka lipigwe waksi tu. Mimi huliosha kwanza, kisha humpa mfuko wa mkate auvae mkononi apapase boneti. Kwa nailoni, vidole huhisi hata kile ambacho macho hayakioni.

“Fundi, mbona kama msasa?”

“Hizo ni chembe za chuma za breki, bosi. Shampoo haizitoi.”

Kinachozitoa ni klei, donge laini linalokandika kama udongo, ambalo hunasa uchafu ulioganda juu ya rangi. Lakini klei haipitishwi pakavu. Chembe iliyonaswa huburutwa juu ya klia, tabaka angavu linalofunika rangi, na klia ya magari mengi haifikii hata unene wa unywele. Ndiyo maana hupuliziwa kilainishi, na hapo ndipo wengi wanapochagua kwa kutazama povu.

Maji matupu hayafai: mlangoni hutiririka yote chini, klei ikakwama. Sabuni ya vyombo ina povu tele, ila imetengenezwa kukata mafuta, hivyo huondoka na waksi ya zamani, na povu likizimika utelezi nao umekwisha. Spiriti na thina usiziguse kabisa. Huyeyusha klei, ikabaki imepakaa kwenye rangi.

Shampoo ya gari iliyochanganywa na maji ni chaguo la bei nafuu na inateleza vizuri. Angalia jambo moja: zipo zinazolainisha klei kupita kiasi. Ukiona inamong'onyoka na kuacha michirizi, badilisha. Dawa ya kupuliza ya kung'arishia nayo inateleza sana, lakini gari zima hunywa nyingi, na mfuko wako utalalamika.

Mimi hutumia dawa ya kuoshea isiyohitaji kusuuzwa, kama Optimum No Rinse. Kwa klei huichanganya nzito kuliko ya kuoshea, kwa kipimo cha kwenye chupa. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi yanayoacha madoa, kwa hiyo huchanganyia maji ya mvua.

Kilainishi chochote kijaribu hivi. Weka gari kivulini, hakikisha bati limepoa. Pulizia eneo la kama sentimita 60 kwa 60, pitisha klei kwa ncha za vidole, mbele na nyuma, bila kukandamiza. Ikilia au ikivuta, ongeza. Kikikauka kabla hujamaliza eneo hilo dogo, hicho hakikufai.

Klei ikianguka chini, itupe, hata kama ni mpya. Na ukikuta fundi anapima kilainishi kwa matone ili chupa idumu, msimamishe hapo hapo: kuongeza chupa ya pili ni rahisi kuliko kulipia polishi ya kufuta mikwaruzo.