Injini Inayopumua

Makomredi, ukiingia Makumbusho ya Reli hapa Nairobi utakuta injini kubwa ya mvuke, rangi ya damu ya mzee, inaitwa Mount Gelai. Wengi wetu hupiga selfi kisha huyoo, tumeenda. Hebu leo tusimame kidogo.

Hiyo ni moja kati ya injini 34 zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock kule Manchester, zikaletwa Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956. Zilipewa majina ya milima yetu. Gelai uko kaskazini mwa Tanzania. Uzito wake ni tani 250 hivi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi reli hupanda zaidi ya mita 1,600, kwa hivyo nguvu ilihitajika. Lakini reli yenyewe ni nyembamba na ina kona nyingi. Basi mafundi waliweka boila katikati ya mitambo miwili ya magurudumu, mmoja mbele, mwingine nyuma, kila mmoja ukikata kona kivyake.

Sasa ile sauti ya “chaka-chaka” ni nini? Moto wa mafuta huchemsha maji, mvuke husukuma pistoni, kisha hutolewa kwa kishindo kupitia bomba la moshi. Ukitoka, huvuta hewa mpya ndani ya moto. Kwa hivyo injini ikifanya kazi zaidi, moto nao huwaka zaidi. Ndiyo kusema inapumua.

Nilielewa haya nikiwa darasa la tano, marehemu babu aliponipandisha treni ya matembezi iliyovutwa na mvuke. Yeye alikuwa mtunza moto enzi zake. “Sikiliza,” akaniambia, “mitambo ni miwili. Mara inapiga pamoja, mara inaachana.” Kweli, ilisikika kama ngoma mbili zinazotafutana. Mlimani mapigo yakawa mazito, na moshi ukabadilika rangi. Babu alijua hali ya moto kwa kuutazama moshi huo tu.

Nasomea ualimu, na hilo ndilo linanikosesha usingizi. Mchoro wa boila nitauchora ubaoni, lakini ujuzi wa kusoma moshi haumo kitabuni. Umo kwa wazee wachache waliobaki. Injini baridi inaweza kungoja miaka hamsini, wazee hawawezi. Mtaani kwenu kama kuna mstaafu wa reli, mtembelee likizo hii, na uende na kalamu.